Barua ya wazi kwa Mkurugenzi: kapu langu laomba cheti cha mlipakodi bora

Kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
kupitia kwa Afisa Biashara,
kupitia kwa kijana wa mashine ya ushuru, ambaye kati yenu nyote ndiye ninayemwona kila Jumamosi.

YAH: SHUKRANI ZA MSUSI WA MAKAPU KWA KUHUDUMIWA KABLA YA WATEJA

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Kichwa cha barua hapo juu chahusika.

Mimi ni msusi wa makapu, mikoba na mikeka ya ukindu. Nauza gulioni, upande wa nyuma, katikati ya choo cha kulipia na mama wa vyungu. Nakuandikia kukupongeza kwa jambo ambalo katika ofisi za umma nimelikuta kwako tu: kuwahi. Zahanati nikienda, nasubiri. Masjala nikienda, naambiwa mwenye ufunguo wa kabati yuko semina. Lakini gulioni, kabla sijatandika turubai, kabla sijafungua kamba ya mzigo, kijana wako ameshafika na POS yake mkononi, ameshaniamkia shikamoo mama, na risiti imeshatoka. Mteja wa kwanza huja baadaye sana. Siku nyingine haji. Kijana wako hajakosa hata Jumamosi moja, na mvua ya masika haimzuii.

Nianze na habari njema. Ninalo kapu moja kubwa la zambarau na manjano, nililisuka kabla ya Ramadhani. Halijapata mwenyewe. Kila Jumamosi hupakiwa juu ya daladala, hushushwa, hukatiwa ushuru wa mzigo, hukaa juani, hubonyezwabonyezwa, huulizwa bei, na jioni hurudi nyumbani. Kwa utaratibu wenu mzigo hulipa kila unapoingia gulioni, hata kama ni ule ule uliotoka juma lililopita bila kuuzwa. Hivyo kapu hili, Mheshimiwa, limeshaingiza fedha kwenye mapato ya ndani ya Halmashauri wakati mimi niliyelisuka sijaona hata senti yake. Nasikia walipakodi bora hutunukiwa vyeti. Naliombea na lenyewe. Halijawahi kukwepa, halina mwanasheria, na halijawahi kuuliza fedha zilikwenda wapi.

Huenda mtu wa ofisini akadhani makapu huokotwa njiani kama maembe. Ukindu tunanunua kwa mafungu kutoka kwa wanaouvuna mabondeni, na kiangazi kikikaza fungu husinyaa huku bei ikinenepa. Ukifika huanikwa mpaka ukijani uishe na ugeuke mweupe. Hapo usilale usingizi mzito, maana ukindu ulionyeshewa hupata madoa ambayo hakuna rangi inayoyaficha. Kisha huchanwa, kila uzi kwa upana wa mwenzake, kazi inayokula kucha na macho. Sehemu huchemshwa kwenye sufuria na rangi ya unga, na mkaa wa kuchemshia hauna ruzuku. Ndipo unasukwa ukili, pima kwa pima, na ukili hushonwa kwa shazia, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kapu lisimame lenyewe bila kushikwa. Kwa mwanamke mwenye shamba, kisima cha mbali na wajukuu, kapu kubwa hula juma zima. Juma lenyewe likiingiliwa na msiba, hula mawili.

Sasa hesabu. Tuliitwa kwenye semina ya ujasiriamali, soda tukapewa sisi, posho wakapewa wao, tukaambiwa kwamba kinachotukwamisha ni kutoweka kumbukumbu. Nimeziweka. Kapu kubwa nauza shilingi 15,000, kwa mteja asiyenikomalia. Ukindu wake ni 3,000, rangi 1,000, mkaa 1,000, uzi na mishikio 2,500. Jumla 7,500, na mkononi zinabaki 7,500 nyingine. Ukiishia hapo unaona faida ya nusu kwa nusu, na nadhani hapo ndipo jicho la Halmashauri linapoishia. Ila kapu haliuziki likiwa sebuleni. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na mzigo, kwa konda mwenye huruma, ni 4,000. Ushuru wa mzigo 500, ushuru wa meza 500. Meza yenyewe naitengeneza mimi kwa mbao zangu. Mnachonikodisha ni mchanga ulio chini yake. Usafi na mlinzi 500, ingawa sijamwona mtu anafagia na mlinzi mara ya mwisho tulimwamsha sisi. Choo 300 kila ukiingia, na mtu mzima huingia walau mara mbili. Chai, chapati na wali maharage kwa mama ntilie, 2,500. Siku moja ya gulio inanigharimu 8,600 hata nisipouza kitu.

Nikiuza kapu moja, narudi nyumbani na hasara ya shilingi 1,100. Nikiuza mawili, napata 6,400, ndiyo ujira wangu wa majuma mawili ya kusuka. Nikiuza matatu nawapigia simu ndugu zangu.

Tazama basi nani amelipwa. Mwenye ukindu kalipwa, muuza rangi kalipwa, konda kalipwa, wa choo kalipwa kwa fedha taslimu mlangoni, mama ntilie kalipwa, na Halmashauri imelipwa mapema kuliko wote hao waliokuwepo gulioni. Kule semina waliuita huo mnyororo wa thamani. Ni mnyororo kweli, na aliyefungwa mwisho wake ni anayesuka: yeye hulipwa kinachobaki, na kisipobaki kitu anaambiwa aongeze ubunifu.

Kwa haki yako niseme kwamba Halmashauri haibagui. Sheria ya kodi ya mapato imemhurumia mfanyabiashara mdogo ambaye mauzo yake hayavuki shilingi milioni 4 kwa mwaka, hatozwi hata shilingi. Mimi ni mmoja wao, tena nipo mbali sana na mpaka. Serikali Kuu ilinitazama ikaona huyu hana kitu, ikapita. Halmashauri ilinitazama ikaona nina meza.

Mwezi Desemba 2018 Rais Magufuli alipoleta vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, kwa ahadi kwamba mwenye nacho hatabughudhiwa, nilikuwa miongoni mwa waliokimbilia. Nilikivaa shingoni Jumamosi ya kwanza. Mkusanya ushuru wa wakati ule alikishika, akakigeuza, akakisifia kwamba kimechapwa vizuri, kisha akanikatia risiti. Nilipouliza, nikajibiwa kwamba kitambulisho ni cha biashara, ushuru ni wa eneo. Tangu siku hiyo nimejifunza kwamba katika nchi hii biashara yangu inaweza kuwa huru kabisa, mradi isikae mahali popote.

Na kuhusu mahali, tulipangwa. Mwaka 2021 miji mingi ilipokuwa inawaondoa wamachinga kandokando ya barabara na kuwapeleka maeneo rasmi, upepo huo ulitufikia na sisi. Zamani tulikaa mbele, pale basi zinapopunguza mwendo, abiria anatoa mkono dirishani na kapu linaondoka. Leo tuko nyuma, kwenye eneo rasmi lenye kibao. Wauzaji tulipangwa vizuri sana. Wateja hawakupangwa, wamebaki kule kule barabarani. Dar es Salaam wana Machinga Complex, ghorofa zima, na bado wauzaji walirudi chini kwa sababu mtu anayetaka soksi hapandi ngazi kuzifuata. Sisi hatuombi ghorofa. Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Eneo letu halina kivuli cha kulia, na jua la kuchumia limezidi mahitaji. Rangi za makapu zinapauka mezani, mwezi mmoja tu nyekundu imekuwa waridi. Ikinyesha, tunavua kanga tunafunika mali, na kapu lililolowa likifungiwa usiku huota ukungu. Huo ni mtaji.

Hapa kando yangu, mama wa vyungu ana kesi ngumu kuliko yangu. Vyungu vyake vinasafiri kwa bodaboda juu ya nyasi kavu, na vingine hufika vipande. Aliwahi kuuliza kama kilichovunjika nacho kinahesabiwa kwenye mzigo. Alijibiwa kwamba mashine haina kitufe cha kilichovunjika. Upande wake wa pili amehamia kijana wa mikeka ya plastiki. Anapokea robota kutoka Kariakoo, analifungua kwa wembe, na kabla ya adhuhuri amemaliza. Naye analipa 500 ya meza kama mimi. Sina ugomvi naye, ni kijana mwema na hunisaidia kubeba. Nashangaa tu mzani unaoona kwamba mkeka uliotoka kiwandani kwa dakika na mkeka uliokula miezi ya macho ya mtu ina mabega sawa.

Niwapongeze pia kwa mapenzi yenu kwa utamaduni, ambayo huchanua kila mwaka karibu na Nanenane. Juma la maonyesho tunatafutwa. Gari linatumwa. Tunaambiwa tuvae sare, tusuke mbele ya watu, tutabasamu. Mgeni rasmi anafika banda letu akiwa na msafara, anashika kapu, analiinua juu kamera zimpate, anasema hiki ndicho Watanzania tunachotakiwa kukienzi. Halafu mtu wa itifaki ananinong'oneza: mama, mfungie mheshimiwa zawadi. Najua gharama ya kapu kubwa hata usingizini: shilingi 7,500 na juma la maisha. Nimemfungia. Hakuna mheshimiwa niliyewahi kumfungia kapu akauliza bei, na katika hilo wanatofautiana na wateja wengine, ambao huuliza bei tu.

Kuna siku Halmashauri yenyewe ilitaka makapu ya kuwapa wageni wa mkutano. Nilifurahi hadi nikawatangazia wenzangu. Nikaulizwa namba ya mlipakodi. Nikaulizwa leseni. Nikaulizwa risiti ya mashine ya kielektroniki, na kama nimesajiliwa kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya umma. Nikasema mimi ni yule ambaye kila Jumamosi mnamkatia risiti bila kumuuliza hata jina. Wakacheka, watu wa ofisi ile ni wacheshi. Wageni waligawiwa mifuko ya dukani yenye nembo, na ndani yake mlikuwa na kijitabu kuhusu kukuza bidhaa za mikono.

Mifuko hiyo inanikumbusha mwaka 2019. Juni 1 ya mwaka ule mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku, sisi wasusi tulijua siku yetu imefika. Mama zetu hawakujua mfuko, walikwenda sokoni na kapu, na kapu moja lilirithiwa. Tuliazima fedha tukanunua ukindu kwa wingi. Kilichoshika soko ni kile kimfuko laini chenye rangi kilichopewa jina la mfuko mbadala, cha shilingi mia chache, ambacho ukikitazama kitaalamu ni polipropilini, yaani plastiki ile ile iliyogeuzwa ikawa nyuzi. Marufuku ile ilikuwa jambo jema, sina kinyongo nayo. Ila hakuna halmashauri niliyoisikia ikisema watumishi wake watakwenda sokoni na kapu.

Kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato yenu ya ndani, ile ya wanawake asilimia 4, vijana 4 na wenye ulemavu 2, nitasema kidogo kwa sababu nayo imenipata kidogo. Haina riba, na hilo ni jema kwelikweli. Tuliunda kikundi, tukaandika katiba, tukafungua akaunti, tukaambiwa tulete andiko la mradi. Mwaka 2023 mikopo ikasitishwa ili utaratibu urekebishwe, mwaka 2024 ikarudi, na sisi tukarudi na andiko lile lile likiwa na tarehe mpya. Kwenye makisio ya faida niliandika ukweli: kapu moja, hasara 1,100. Mtaalamu wenu alinishauri nirekebishe. Nikarekebisha. Sasa kwenye karatasi sisi ni kampuni.

Kwa kuwa kila bajeti mnatafuta vyanzo vipya vya mapato, niruhusu nichangie. Anzisheni ushuru wa kuuliza bei. Kila anayesimama mezani kwangu, akanyanyua kapu, akalipekua chini na juu, akauliza shilingi ngapi, kisha akasema "nazunguka narudi", alipe shilingi 100. Anayepiga picha ili aipeleke kwa fundi mwingine amsukie kwa bei nafuu, alipe 500, sawa na meza. Anayesema hata bibi yangu alikuwa anasuka haya, alitupa bure, atozwe kwa niaba ya bibi yake. Anayetaka bei ipungue kwa sababu ni asubuhi na anafungua biashara, na yule anayetaka ipungue kwa sababu ni jioni na tunafunga, wote wawili wakatiwe risiti moja ya pamoja. Na yule mchuuzi anayenunua makapu yangu kwa 9,000 nikiwa na dhiki ya ada, kisha nayakuta Mwenge kwenye vinyago yakiwa na bei ambayo sikuthubutu kuitamka, huyo mwacheni. Yeye angalau hulipa taslimu.

Nina hakika kwa vyanzo hivyo peke yake Halmashauri itavuka lengo la robo mwaka ikiwa bado Jumamosi mchana.

Nimetania vya kutosha, na najua una vikao. Sijaomba nisamehewe ushuru. Gulio linahitaji choo, taka zinahitaji gari, na fedha lazima zitoke mahali. Ninaloomba ni mpangilio wa saa. Kijana aje saa tisa alasiri badala ya saa moja asubuhi. Aliyeuza atatoa, tena bila manung'uniko, maana mtu aliyeuza ana moyo mweupe. Asiyeuza asitozwe kwa kosa la kukaa. Mzigo uliolipa Jumamosi iliyopita ukarudi nyumbani uingie kwa risiti yake ya zamani. Tunazitunza, nina kibuyu kizima cha risiti. Mlichokwishakusanya kwetu, kijengeeni banda la mabati, nguzo tutachimbia wenyewe. Na mkihitaji makapu ya wageni, mtume mtu na fedha za manunuzi madogo anunue mezani kama binadamu wengine. Mgeni rasmi naye ana mshahara.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Msusi wa makapu,
Gulio la Jumamosi, eneo rasmi, nyuma.

Nakala kwa: wenzangu wote wa gulioni, wasusi, wafinyanzi, wachongaji na washona makubazi. Viwango vya ushuru viko kwenye sheria ndogo, na sheria ndogo hupitishwa na Baraza la Madiwani, watu tuliowapigia kura. Mkutano wa Baraza ni wa wazi kwa mwananchi yeyote. Njooni tujaze viti vya nyuma, na diwani wa kila mmoja wetu amwone mtu wake. Kuingia ukumbini hakuna ushuru.